Hatwendi, Tunazunguka

Nilitumwa na Halmashauri, kalamu mbili mfukoni,
ya bluu, na nyekundu ya kutolea alama,
nikakague mradi ulioandikwa hivi kwenye orodha:
"Wanawake. Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani. Baiskeli."
Nukta. Hapana jingine.

Asubuhi yake nilikuwa Makorora kwa watoto wa sarakasi,
kisha Chumbageni, kwa vijana waliogeuza ghala la mkonge
ukumbi wa mpira wa meza: meza tatu, wavu wa chandarua kuukuu.
Hao niliwapa alama bila taabu. Fomu iliwaelewa.

Saa kumi na nusu nikafika.
Kamba imefungwa nguzo hadi nguzo,
bodaboda wananung'unika, wanapitia Kumi na Nne.
Ndani ya kamba, wanawake kumi na mmoja,
mdogo wao ana miaka hamsini na miwili,
mabuibui yamekunjwa, yamebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo,
na baiskeli nne tu. Moja haina kengele;
anayeipanda hupiga ukelele mwenyewe:
Nakuja! Nakuja!

Mji huu huenda kwa magurudumu mawili.
Mkate huja kwa baiskeli, na maji, na mgonjwa;
bibi harusi mmoja nilimshuhudia kwa macho yangu.
Nao wamo humo siku zote, kwenye keria,
upande upande, magoti pamoja,
mkono mmoja kapuni, mwingine kwenye shati la mtu.

"Miaka thelathini na minane," akaniambia Bi Sikudhani Shekiondo,
aliyeanzisha haya alipostaafu posta,
"nimeijua Tanga kwa ubavu.
Mbele sikupata kupaona.
Mbele palikuwa na mgongo wa marehemu."

Nikafungua fomu.
Lengo la mradi?
Kuzunguka.
Kuzunguka kwenda wapi?
Hatwendi, mwanangu. Tunazunguka.
Faida inayopimika?
Akawageukia wenzake: "Jamani, anauliza faida!"
Wakacheka hata Bi Mashavu usukani ukamponyoka,
akaingia polepole, kwa adabu, katika meza ya muuza mihogo.
Mihogo chini, pilipili chini.
Muuzaji akacheka, kisha akaandika deni.

Ubunifu uko wapi? Eleza kwa maneno yasiyozidi hamsini.
Swali hilo likabaki na mimi,
maana ilikuwa zamu ya Bi Somoe.
Mjukuu wake ameshika tandiko nyuma, anakimbia, anahema,
na kwenye nguzo ya tatu akaachia kimyakimya.
Bi Somoe akaenda. Akafika kwenye kamba, akakata kona
pana kama ya lori, akarudi, akakanyaga ardhi.
"Uliniachia," alisema.
"Ulijua, bibi?"
"Nilijua. Nimenyamaza tu usije ukanikimbilia."

Mama yangu, njia ya Pongwe, alishuka kila penye mlima
ili baba apate kuupanda.
Akitembea nyuma na mtoto mgongoni, huyo mtoto mimi,
hata kileleni, ndipo akaketi tena.
Sikumbuki kumsikia akiomba kushika usukani.
Sikumbuki kama kuna aliyemuuliza.
Fomu haina kisanduku cha jambo hili. Niligeuza, nikatazama nyuma.

Basi nikaandika: Watu kumi na mmoja. Baiskeli nne. Hawaendi popote.
Na kwa kalamu nyekundu nikatoa alama zote.

Siku ya tuzo hotuba zilikuwa ndefu, soda zilikuwa moto.
Cheti kilisomeka: Kikundi cha Baiskeli na Maendeleo.
Hayo maendeleo waliyaongeza ofisini,
na "Shekiondo" wakamla herufi mbili.
Bi Sikudhani akakisoma, akakipuliza vumbi, hakusema neno.
Nje akakifunga kwenye keria kwa mpira wa tairi,
upande upande,
kama tulivyobebwa, alisema, nacho kibebwe.

Akapanda. Barabara yote machoni pake.
Akapita mbele ya mlango wa Halmashauri,
mlinzi akampungia mkono wa kwaheri.
Muda si muda
akapita tena.